Mwenye Pembe na Asiye Nayo

Jumapili nilivuka na pantoni nikaenda Gezaulole
kwa dada yangu Sikudhani, mwenye minazi kumi na mmoja
na waya mmoja wa chuma, ncha imekunjwa kama ndoana.
Anapanda mwenyewe; majirani walishachoka kushangaa.
Anauchomeka kwenye tundu chini ya kuti changa,
anazungusha, anavuta:
chonga.
Mweusi, mzito kama kifungo cha koti la marehemu baba,
pembe juu ya pua, miguu inakwaruza hewa.
“Huyu,” anasema kutoka juu, “kikavu hakitaki.
Anatafuta shaha la mnazi,
pale kuti halijajua bado kama ni kuti.”

Kosa lake halionekani siku hiyo.
Hung'ata kuti likiwa limekunjwa kama barua;
miezi inapita, linafunguka lenyewe mbele za watu
na pande zote mbili zimekatwa pembetatu, sawasawa,
kama karatasi ya mtoto aliyeachiwa mkasi.
Sikudhani huyasoma: “Hili alilikata wakati wa msiba.
Lile, masika yalipochelewa.”
Na wanawe, wanene, weupe, wamejikunja
ndani ya gogo lililooza nyuma ya choo:
utoto wao wote wanakula kifo,
wakiota mbawa ndipo wanatamani uhai.

Wangu mimi hana pembe.
Mimi ni karani wa ghala, Tandale,
magunia mia mbili na arobaini,
na mdudu wangu anatosha ndani ya herufi o ya stakabadhi.
Mabwana shamba humwita dumuzi. Sisi tunamwita Skania,
kama lori, kwa mzigo anaoondoka nao.
Kichwa kakificha chini ya mabega
kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.
Haombi maji. Mpe hindi kavu, mpe makopa,
ukikosa, mpe mguu wa kitanda.
Anazaa ndani ya chakula, na watoto wanakua
bila kusikia kwamba kuna kitu kinaitwa nje.
Gunia linasimama, limeshiba. Unaligonga,
linapumua vumbi.
Unatia mkono: punje nyepesi, kila moja ina mlango.

Bwana Ngowi analipandisha kwenye mizani.
“Kilo tisa zimekwenda wapi, Shomvi?”
Sahihi ni yangu. Kilo tisa
ni unga sakafuni, ni makato ya mwisho wa mwezi,
kuku wa jirani wanashukuru.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako;
hawakusema kama kina pembe.

Nilirudi na chonga wa dada ndani ya kopo la siagi.
Dumuzi watatu nikawatia kwenye kiberiti.
Nilitaka wakae meza moja, niwaulize
kama mshenga aliyeitwa kusuluhisha ndoa:
wewe wa utomvu, nanyi wa vumbi,
wote mna miguu sita, wote mna mbawa
chini ya makoti magumu,
ni nani aliyewagawia
Umeme ukakatika.

Usiku kucha chonga alipiga bati. Kopo likatembea mezani,
mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.
Upande wa kiberiti, kimya.
Nikasema, hawa wamekufa.

Asubuhi mwenye pembe yumo, hoi.
Kiberiti kina tundu, la mviringo, safi,
kama kazi ya fundi asiyedai malipo,
na kando yake kijilima cha unga wa karatasi.

Chonga nikamtoa uani. Akaanguka chali; nikamgeuza,
dada asijue.
Kisha nikasimama mlangoni bila viatu
nikipima hatua toka mezani hadi kwenye kiroba changu cha makopa.
Ni nne.
Kwa dumuzi sijui ni ngapi,
lakini alikuwa na usiku mzima.